TAHADHARI: Kabureta "zilizofanyiwa ovaholi" zinazofurika petroli

Wenye magari ya zamani, kaeni macho. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayeuza kabureta kuukuu (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) akidai zimefanyiwa ovaholi kamili: sindano mpya (inayofunga njia ya petroli), gasketi mpya, floti (boya linaloelea ndani na kuisukuma sindano ifunge) imepimwa. Jina simtaji, ila mtindo wake mtautambua, na hayuko peke yake kwenye mchezo huu.

Kwenye picha kabureta inang'aa rangi ya dhahabu kama imetoka kiwandani leo. Ukishaifunga, gari linawaka vizuri tu, kisha haichukui muda harufu ya petroli inajaa, moshi mweusi unatoka, saileni (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba mpaka injini inazima. Chungulia kooni mwa kabureta utaona petroli inachuruzika. Plagi ukizitoa ni nyeusi na zimelowa.

Ukilalamika, majibu ameshayakariri. Mara pampu yako ina presha kubwa, mara fundi wako hajui kazi. Ukimwambia unafungua kifuniko uangalie, anakukumbusha kwamba skrubu zimepakwa alama ya rangi nyekundu, ukizigusa tu garantii imekufa. Ujanja wote uko kwenye hiyo alama: fundi yeyote akifungua pale, uongo umekwisha.

Yangu niliifungua. Ile dhahabu ni rangi ya kupuliza, tena imepulizwa bila kuosha, maana chini ya kifuniko uchafu wa petroli iliyokauka ulikuwa bado umeganda kwenye kona. Sindano ilikuwa ya zamani, ncha yake imelika ikaacha alama ya pete pale inapokutana na kiti chake, yaani tundu inalotakiwa kuliziba, kwa hiyo hata floti ikipanda haiwezi kufunga mafuta. Floti yenyewe, ya shaba, ilizibwa tundu kwa bonge la risasi ya kulehemu. Uzito ukizidi hivyo floti inazama zaidi kuliko inavyotakiwa, na petroli inapanda kupita kiwango. Kitu pekee kipya mle ndani kilikuwa gasketi.

Hiyo hoja ya pampu msiipuuze kabisa, kwa sababu wakati mwingine ni kweli. Kabureta nyingi za zamani zinataka presha ya psi (kipimo cha presha) 2 hadi 6 hivi, na mtu akifunga pampu ya gari la injekta (lisilotumia kabureta), inayopita psi 40, hakuna sindano itakayohimili. Basi pima kwa geji kwenye mpira unaoingia kwenye kabureta, upige picha, umtumie. Mimi geji ilisoma sawasawa, na tangu hapo ujumbe wangu hakujibu tena.

Kabla hujalipa, mwombe picha za ndani, kifuniko kikiwa wazi, ncha ya sindano ionekane kwa karibu. Asiyetaka kukutumia, achana naye. Na mzigo ukifika, kuna kipimo kisichogusa skrubu hata moja: kabureta ikiwa kavu kabisa, chomeka mpira safi kwenye tundu la kuingizia petroli, upulize. Ikiwa imesimama wima, hewa ipite. Ipindue juu chini, floti ikandamize sindano, hewa ikatike kabisa. Ikiendelea kupita, rudisha siku hiyohiyo. Kipimo hiki kinafaa kwa kabureta nyingi zenye floti, ila hakikupi jibu la kiwango cha floti. Hicho lazima kifuniko kitoke. Rekodi video wakati unafungua boksi na unapopuliza.

Kwa aliyekwisha kuifunga na inafurika: usiendelee kuwasha ukitumaini itatulia. Kwenye injini nyingi ekzosi iko karibu na kabureta, na petroli ikidondokea chuma cha moto gari linaweza kuungua. Halafu chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili ya injini) unuse. Oili ikinuka petroli au kiwango kikiwa kimepanda bila wewe kuongeza, petroli imeshashuka kupitia ringi za pistoni. Mwaga oili yote uweke nyingine kabla ya kupiga stata, la sivyo beringi zitakwenda.