Maji ya Sinki la Bafuni Hayashuki: Ununue Nini Kwanza

Unapiga mswaki, unasukutua, unainua kichwa na kukuta povu la dawa ya meno bado linazungukazunguka kwenye sinki kama mgeni asiyejua pa kwenda. Hapo wengi wetu hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa ya kuzibulia. Nami nilikuwa hivyo kwa miaka. Ndiyo maana mpangilio huu ni kinyume kabisa cha jinsi nilivyotumia pesa zangu: nilianza na kilicho mkiani, nikaja kugundua kilicho juu baada ya hasara.

Sinki la jikoni huzibwa na mafuta. La bafuni huzibwa na nywele. Unywele mmoja hujishika kwenye kizibo, mwingine hujisokota juu yake, kisha sabuni na dawa ya meno huvigandisha pamoja. Mara nyingi fundo hilo haliko mbali: shubiri moja au mbili tu chini ya tundu, au kwenye ile kona ya bomba iliyopinda chini ya sinki. Kwa hiyo unatafuta kifaa cha kuvuta kitu kilicho karibu. Kusukuma ni kazi ya baadaye.

Jaribu jambo moja kabla hujafungua pochi. Vuta maji ya choo, kisha fungua bomba la kuogea. Kama navyo vinasuasua, au choo kinabubujika kila sinki linapomwaga maji, kasoro iko mbele kwenye bomba kubwa na hakuna kifaa hapa kitakachokufaa. Ita fundi.

Kama ni sinki peke yake, toa kizibo. Vingine huinuka tu kwa mkono, vingine hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha saa. Vile vinavyopandishwa kwa kijiti kilicho nyuma ya bomba la maji vimeshikwa na ufito mdogo ulioingia ubavuni mwa bomba la kutolea maji. Fungua nati yake kwa mkono, uvute ufito, kizibo kinatoka. Mara nyingine kazi yote huishia hapo.

1. Utepe wa plastiki wenye meno

Ni ukanda mwembamba wa plastiki, una vimeno pande zote mbili vinavyotazama nyuma. Kifaa kinyonge kuliko vyote dukani, na ndicho nambari moja bila ubishi. Unakiingiza taratibu hadi kigome, unakizungusha kidogo, unakivuta. Mara ya kwanza nilipokitumia, kilitoka na kamba nyeusi inayoteleza, nene kama kidole, imevaa ute wa kijivu na kunuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Nilidhani nimemaliza. Nikaingiza tena, ikaja nyingine ndefu zaidi. Rudia hadi kitoke kitupu.

Chagua chenye urefu wa sentimeta 45 au zaidi, na ukikunje dukani uone: kikiacha alama nyeupe mahali pa mkunjo, kitakatikia ndani ya bomba na utakuwa umejiongezea kazi. Vaa glavu, kwa kuwa vile vimeno havichagui baina ya nywele na ngozi. Kuna vya chuma chembamba vyenye ndoano mwishoni. Ni vizuri, ila hukwaruza sinki.

2. Pampu ya mpira

Wengi wanayo, lakini si hii. Ile yenye ulimi wa mpira unaochomoza chini ni ya choo. Ya sinki ni bakuli bapa, dogo, linalofunika tundu lote na kulala vizuri kwenye mzingo wa sinki. Na tafadhali, ya choo ibaki ya choo.

Wanaosema pampu haifanyi kazi karibu wote wamesahau lile tundu dogo lililo juu ukingoni, la kuzuia sinki lisifurike. Usipoliziba kwa kitambaa kilicholowa, upepo wote unaosukuma unatokea hapo. Acha maji yafunike ukingo wa mpira, paka ukingo huo mafuta mazito ya kujipaka ili ushike, kisha sukuma na kuvuta mara 15 au 20 bila kuuachia. Mvuto ndio unaolegeza fundo.

3. Waya wa kuzungusha

Huu ni waya wa springi ulioviringishwa ndani ya kikopo chenye mpini. Ninauweka wa tatu kwa sababu ni wachache wanaouhitaji, lakini fundo likiwa limevuka kona na kuingia ukutani, hakuna kingine kitakachofika. Kwa sinki la bafuni tosheka na waya wa milimita 6 hivi, urefu wa mita 5. Wauzaji hupenda kukuonyesha ule mnene. Huo ni wa mabomba makubwa na hautapinda kwenye bomba la milimita 32, ambalo ndilo la kawaida kwa sinki la kunawia.

Usiupitishe kwenye tundu la sinki kama unaweza kufungua ile kona ya chini. Weka ndoo, legeza nati mbili, ishushe, uisafishe, kisha ingiza waya moja kwa moja ukutani. Nunua kabisa washa (pete za kuzuia uvujaji) mpya za mpira, uende dukani na zile za zamani mkononi upimishe. Na maji ya ndoo yamwage chooni. Mimi niliyamwaga kwenye sinki hilohilo nililolifungua chini, nikayapokea kwa miguu.

4. Dawa ya vimeng'enya

Hii ina vimeng'enya, yaani enzaimu zinazovunjavunja uchafu. Hula uchafu wa sabuni na ute, taratibu, usiku kucha. Haili nywele kwa kiwango cha kuzibua chochote. Nunua kama matunzo, baada ya bomba kufunguka, wala usiitumie pamoja na klorini: utaiua kabla haijaanza kazi.

5. Dawa kali

Nyingi zina kostiki soda, nyingine asidi ya salfuriki. Sisemi hazifanyi kazi. Kostiki huyeyusha nywele kweli, na huchemka inapokutana na maji. Shida huanza inaposhindwa: sasa una bomba lililojaa sumu inayounguza, na kila kifaa nilichotaja hapo juu kimekuwa hatari, kwa sababu pampu au waya vitakurushia machoni. Usichanganye dawa mbili kamwe. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi inayoharibu mapafu. Ukimwita fundi baada ya kuimwaga, mwambie kabla hajagusa kitu.

Vipi ile ya soda ya kuokea na siki? Inapendeza macho. Lakini ndani ya dakika moja vitu hivyo viwili vimeshauana na kubaki maji ya chumvichumvi, huku mapovu yakipanda juu kwenye njia iliyo wazi. Maji yanayochemka nayo si rafiki: mabomba ya PVC hayapendi joto la kupita nyuzi 60. Maji ya moto ya bombani yanatosha.

Zile bunduki za hewa, zinazofyatua hewa kwa nguvu ndani ya bomba, sikuziorodhesha. Viungo vya chini ya sinki vimeshikwa na nati za plastiki, na shinikizo la ghafla linaweza kuviachanisha.

Ongeza kichujio kidogo cha kuweka juu ya tundu, chenye matundu madogo ya kushika nywele. Pima upana wa tundu kwanza, kikipwaya, kinaelea.

Ukimaliza, jaza sinki hadi karibu na lile tundu la ukingoni, kisha fungua kizibo. Maji yakizunguka na kuunguruma hadi tone la mwisho, njia iko wazi. Pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila nati ya chini, na urudie asubuhi. Ikilowa, kaza robo mzunguko kwa mkono, weka spana kando.