Seti ya tangi la matumbawe ya lita 120: kioo safi, kijazia maji kizuri sana, ila hicho kijitabu wekeni pembeni

Wadau wa maji ya chumvi, kuna watu wananiuliza sana kuhusu hizi seti zinazokuja na kila kitu ndani ya boksi moja, yaani kioo, taa, pampu, hita, skima, na vyumba vya kuchujia vimefichwa kwa nyuma, kama kweli zinafaa kwa matumbawe au ni za kupendezesha sebule tu. Mimi ninayo moja ya lita 120, imekaa muda wa kutosha, matumbawe yamekua humo mpaka nimekata vipande na kugawia watu, kwa hiyo naongea nikiwa nayo mbele ya macho. Jina la kampuni naliacha maana hizi seti zinatoka viwanda vingi na kwa ndani zinafanana mno.

Jibu langu ni kwamba nunua, ila kila kifaa kilichomo kiulize swali moja tu, kinasaidia maji yatulie au hakisaidii? Tumbawe linavumilia namba ambayo siyo kamilifu, mradi hiyo namba haihamihami. Ila vipimo vya maji vikipanda leo vikashuka kesho linajifunga, linakaa limenywea siku nzima, na baadae nyama inaanza kuachia mfupa kutokea chini.

Nianze na kile kilichonifurahisha kuliko vyote, kijazia maji cha otomatiki. Maji yanayopotea hewani kwenye tangi la chumvi ni maji matupu, chumvi yenyewe haiendi popote, kwa hiyo kina kikishuka basi yaliyobaki yamekolea zaidi. Chukua lita 100 zenye chumvi ya 35 kwa elfu, zikipotea lita 3 tu umeshafika 36, na kwenye tangi dogo lililo wazi juu, lita 3 zinaondoka haraka kuliko unavyodhani. Sasa mtu akisubiri mpaka mwisho wa wiki ndo amimine ndoo nzima ya maji yasiyo na chumvi, amewapandishia viumbe chumvi polepole wiki nzima halafu ameishusha kwa dakika moja. Hiki kifaa kina jicho dogo la taa ndani ya chumba cha pampu, maji yakishuka milimita chache linaona, kipampu kinasukuma maji kidogo kutoka kwenye hifadhi ya pembeni kisha kinazima, na juu ya jicho kuna floti ya dharura ya kukata umeme kama jicho limekwama likaendelea kujaza. Ukiinama pale nyuma unaona uso wa maji unarudi kwenye mstari uleule kila mara. Refraktomita, kile kipimo cha chumvi cha kuchungulia kwa jicho, inasoma 35 asubuhi, inasoma 35 jioni, na hilo peke yake kwangu linalipia nusu ya seti.

Ila zingatia, mwisho wa ule mpira wake uning'inie juu ya maji, usiuzamishe hata kidogo, maana ukizama basi kipampu kikizima maji yanaendelea kujivuta yenyewe mpaka hifadhi iishe. Na jicho lifutwe kila wiki kwa mswaki laini, mwani ukilifunika au konokono akilikalia linasoma uongo, na konokono hawakosi kupita pale. Halafu ndani ya hifadhi weka maji ya mashine ya RO, ile inayochuja mpaka yabaki maji matupu, yaliyosoma sifuri kwenye mita ya TDS inayopima vilivyoyeyuka majini, siyo ya bomba, kwa sababu kila kinachokuja na maji ya bomba, fosfeti, nitreti, shaba ya mabomba, kinabaki tangini kila maji yanapokauka na unazidi kukirundika. Shaba hata ikiwa kidogo sana inaua kamba na konokono. Mashine ya RO haimo kwenye boksi, hiyo ijulikane mapema.

Kioo chenyewe sina la kulalamika, silikoni imepigwa vizuri, kioo cha mbele ni kile chenye chuma kidogo kwa hiyo hakina ule ukijani. Vyumba vya nyuma vinakula kama lita 20 hivi, usizihesabu kama nafasi ya samaki.

Taa nayo ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Nilipima kwa mita ya PAR ya kuazima, yaani ya kupima mwanga ambao matumbawe yanautumia, juu ya jiwe karibu 200, mchangani katikati 80, pembeni inashuka hadi 40. Hiyo inatosha kabisa kwa matumbawe laini, uyoga, zoa, na haya ya mfupa yenye nyama nene kama Euphyllia. Acropora za matawi zinataka zaidi ya hapo, usizilazimishe. Kosa la kiwandani ni mpangilio unaokuja nao, taa inawaka asilimia 100 toka siku ya kwanza, na tumbawe lililotoka kwenye mwanga mdogo ukilitupa hapo linapauka, linawatema wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake na wanaolilisha. Shusha mpaka asilimia 30 hivi, panda taratibu wiki kadhaa, rangi ya bluu iongoze, nyeupe kidogo.

Skima, hmm. Kazi ya skima ni kupuliza mapovu madogo sana ili uchafu wa protini unaopenda kushika ngozi ya povu upande nao hadi kwenye kikombe kabla haujaoza. Hii ya kwenye seti ni ndogo, ina kelele, inarusha mapovu hadi kwenye tangi la mbele, na ukiingiza mkono tu majini mafuta ya ngozi yanaifanya isusie masaa kadhaa. Mimi nimeitoa. Pale nimeweka pamba ya kuchujia ambayo naibadilisha kila baada ya siku mbili tatu, na chumba kinachofuata nimeweka mwani wa Chaetomorpha na kitaa chake kinachowaka usiku, unakula nitreti na fosfeti na unasaidia pH isidondoke gizani. Wasiwasi wa kuishi bila skima usikusumbue kwa tangi dogo. Lee Chin Eng wa Jakarta mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa anaweka matumbawe hai kwa mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye bakteria na vijidudu wake, maji ya bahari, mwanga na mapovu ya hewa tu, bila hizi mashine zetu.

Hita nayo nasema kila mtu aitoe kabisa kwenye hili boksi. Siyo kwamba yangu imeharibika, hapana, ila hita za kioo zenye kidhibiti ndani yake zinajulikana, siku kidhibiti kikigandia kwenye kuwaka inapika tangi zima usiku mmoja. Chukua mbili ndogo badala ya moja kubwa, zipitishe kwenye kidhibiti cha nje, weka nyuzi 25 au 26 basi. Na pampu ya kurudisha maji inafanya kazi yake, lakini matumbawe yanataka mkondo unaobadilika mwelekeo, kwa hiyo pampu ya mawimbi ya kuongezea utaihitaji, jumla ya msukumo iwe lita 2400 hadi 4800 kwa saa kwa ukubwa huu.

Sasa vipimo walivyoweka. Kuna karatasi za kuchovya na kile kipimo cha chumvi cha plastiki chenye sindano. Kile cha sindano, kapovu kamoja kakishika sindano inaelea juu zaidi na unaambiwa chumvi ipo wakati imepungua. Tafuta refraktomita, na uisawazishe kwa maji maalumu ya 35 kwa elfu, siyo kwa maji matupu, kwa sababu unataka iwe sahihi pale unapopimia. Zile karatasi za kuchovya kwa alkaliniti, yaani akiba ya kaboneti majini inayopimwa kwa dKH, hazifai kabisa, rangi mbili zinazofuatana ni tofauti ambayo tumbawe limeshaumia zamani.

Na hapa naomba nikae kidogo maana ndo panapoua matangi mengi mazuri. Matumbawe ya mfupa yanajenga kwa kalsiamu na kaboneti, na yanavichukua kwa uwiano maalumu, kila kalsiamu ikishuka miligramu 20 kwa lita alkaliniti inashuka kama 2.8 dKH. Fikiria umeanza na kalsiamu 420 na alkaliniti 8. Baada ya siku kadhaa kalsiamu inasoma 400, unasema poa tu, bado ipo, kumbe alkaliniti imeshafika 5.2 na matumbawe yamesimama kukua, ncha zinaanza kuwa nyeupe. Ndo maana ukiwa na muda wa kupima kitu kimoja tu, pima alkaliniti, kwa kile kipimo cha matone unahesabu mpaka rangi igeuke, muda uleule wa siku, uandike. Popote kati ya 7 na 10 chagua sehemu yako ukae hapohapo. Ikishuka nusu dKH kwa siku unajua kiasi cha kurudisha kila siku, na ukikuta imeanguka sana usiinyanyue yote kwa mpigo, hiyo nayo ni mtikisiko. Magnesiamu iwe 1300 hivi, hiyo haina haraka, kila baada ya wiki kadhaa inatosha.

Kubadilisha maji asilimia 10 kwa wiki naendelea nako, ila tusijidanganye kwamba kunafuta kila kitu, nitreti ya 20 ukibadilisha asilimia 10 inakuwa 18. Ukiona inapanda kila wiki punguza chakula. Na usiikimbize mpaka sifuri pia, nitreti na fosfeti zikiisha kabisa wale viumbe wa kamasi ya kahawia, dino, wanatamba kila mahali na kuwatoa ni shughuli.

Haya, kijitabu. Kijitabu kinasema mimina chupa ya bakteria, subiri masaa 24, weka samaki, na mwisho kuna orodha ya samaki kumi. Hii imenikera kwelikweli kwa sababu wanaolipa ni viumbe hai. Amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, inatakiwa igeuzwe na bakteria iwe nitraiti halafu nitreti, na hao bakteria wanahitaji muda wa kuota kwenye mawe, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 ukianza na mawe makavu, chupa inasaidia kufupisha ila kipimo ndo kinachoruhusu, amonia na nitraiti zisome sifuri siku moja baada ya wewe kuweka amonia ya majaribio. Na picha ya mbele ya boksi ina kangaja wa bluu, Paracanthurus hepatus, samaki anayefika sentimita 30 na anayeogelea mchana kutwa. Kwenye lita 120! Ndani ya kijitabu wameweka na mandarini, samaki mzuri hakuna mfano, ila anakula vijidudu vidogo vya kwenye mawe asubuhi mpaka jioni na tangi jipya halina, anakonda mbele yako huku matumbawe yako yanapendeza.

Kwa tangi hili samaki wanne au watano wadogo basi. Klauni wawili waliozalishwa kwenye matangi, wachukue wadogo wote, mkubwa zaidi atageuka jike na mambo yatajipanga yenyewe. Kadinali wa Banggai, huyu porini anapatikana asili yake kwenye visiwa vya Banggai tu kule Indonesia na yuko hatarini, kwa hiyo uliza kabisa kama amezalishwa, kama muuzaji hajui muache. Na kama unataka kitu cha kukaa unaangalia jioni nzima, gobi na kamba wa Alpheus. Kamba haoni vizuri, anachimba shimo anasukuma mchanga nje kwa magando, na muda wote yuko nje ana papasi moja imemgusa gobi mgongoni au mkiani. Gobi akitikisa mkia kamba anarudi ndani, gobi akiingia wote wameingia. Unaweza kukaa na kikombe cha chai hapo mpaka kipoe. Ila gobi wanaruka, na seti haina kifuniko, tengeneza cha wavu unaopitisha mwanga na hewa kabla hujamleta.

Samaki wapya watenge kwanza kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe, ugonjwa wa madoadoa, Cryptocaryon, ukishaingia kwenye tangi la matumbawe huwezi kutia dawa ya shaba humo. Matumbawe nayo yapitishe kwenye dawa ya kuogeshea uangalie kinachodondoka. Zoa washike kwa glovu na miwani, wengine wana palitoksini, na jiwe lao usilichemshe wala kulisugua kwa maji ya moto, mvuke wake umeshapeleka watu hospitali. Euphyllia ipe nafasi sentimita 15 pande zote, usiku inatoa mikono mirefu inaunguza jirani.

Nyota nne kati ya tano naipa seti, ya tano wameipoteza kwa hita na kijitabu. Spea za kijazia zinapatikana, ule mpira mwembamba ni saizi ya kawaida, ila jicho ni la kwao wenyewe, kwa hiyo agiza moja la akiba ukiwa unanunua.