Mfumo wa tahadhari wa injini katika Volvo FH ya mtumba: tathmini kwa wamiliki na madereva

Malori ya Volvo FH yenye injini ya D13, yale yaliyotoka kiwandani kuanzia mwaka 2005 hadi kabla ya toleo jipya la 2012, huingia kwetu Tanzania kama mitumba kutoka Ulaya. Wanunuzi wengi huulizia nguvu za injini, giaboksi na hali ya matairi. Kwa sisi tunaoyasimamia katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, sifa yake kubwa iko kwenye kioo kidogo cha dashibodi kinachomwambia dereva nini kimeharibika na kwa uzito gani.

Tahadhari zimepangwa kwa ngazi tatu. INFO ni taarifa ya kawaida. CHECK, yenye taa ya njano, inamtaka dereva afuatilie hitilafu na kufika gereji mapema. STOP, yenye taa nyekundu, inamtaka asimamishe gari. Mpangilio huu ninausifu bila kusita, kwa kuwa dereva aliyechoka usiku hahitaji kukisia maana ya alama. Kasoro ni kwamba neno STOP ni moja, ilhali hatua zinazotakiwa hutofautiana, na hapo ndipo injini nyingi zinapopotea.

Taa nyekundu ikiwaka kwa sababu presha ya oili imeshuka, dereva atoke barabarani na azime injini papo hapo. Beringi za krenki na mhimili wa tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) vinategemea oili hiyo kila sekunde, hivyo hata mwendo mfupi wa kutafuta kivuli unaweza kuinokisha injini nzima. Joto likipanda huku maji ya rejeta bado yapo, hatua ni nyingine: aegeshe, aiache injini ingurume taratibu ili maji yazunguke na feni ivute hewa, macho yakiwa kwenye mshale. Usiposhuka, au kioo kikionyesha kwamba maji yamepungua, azime. Mfuniko usiguswe mpaka injini ipoe, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya presha huweza kuzidi nyuzi 100 bila kuchemka, na presha ikiondoka ghafla huruka na kumuunguza aliye mbele yake. Utingo naye afundishwe hili, maana mara nyingi ndiye anayetumwa kufungua.

Mlima Kitonga unastahili maelezo yake. Anayepanda kuelekea Iringa na mzigo huenda polepole, upepo wa kupooza rejeta ni mdogo, na joto likizidi kompyuta ya injini hupunguza nguvu ili kuilinda. Asilazimishe, bali atafute sehemu salama ya kuegesha. Anayeteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni asizime injini kamwe gari likiwa bado linatembea, hata kama kioo kimeandika STOP, kwa sababu atapoteza breki ya injini na usukani utakuwa mzito, huku kompresa ikiacha kujaza upepo wa breki. Asimamishe kwanza kwa breki, afunge breki ya kuegesha, ndipo azime.

Hitilafu inayowachanganya wengi ni ya AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, katika malori ya Euro 5 (kiwango cha Ulaya cha udhibiti wa moshi). Tangi hilo likikauka, mfumo hupunguza msukumo wa injini hadi asilimia 60 ya kawaida, na dereva hudhani tabo imekufa. Kabla ya kufungua chochote, atazame kipimo cha AdBlue.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba namba za hitilafu husomwa kwenye kioo hichohicho gari likiwa limeegeshwa. MID hutaja kompyuta inayotoa taarifa na PID hutaja kipimo: MID 128 ni injini, PID 100 ni presha ya oili, PID 110 ni joto la maji. Kisha FMI humwambia fundi aina ya tatizo, kama kipimo chenyewe kimeshuka mno au umeme wa sensa una kasoro. Madereva wetu hupiga picha kioo na kumtumia fundi kwa WhatsApp kabla hajaondoka gereji, naye huja na kifaa kinachohitajika.

Mfumo huu hauna kinga dhidi ya bosi anayemwambia dereva kwa simu, "Sogea kidogo tu." Mwenye gari ampe dereva ruhusa ya wazi ya kusimama taa nyekundu inapowaka, na asimkate posho kwa saa alizosubiri.

Kwa anayenunua, kabla ya kulipa fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za STOP na CHECK zinapaswa kuwaka, kisha zizime zenyewe baada ya ukaguzi au injini inapowashwa. Ikiwapo isiyowaka kabisa, huenda mtu aliiziba makusudi. Mlete fundi mwenye kompyuta asome hitilafu zilizohifadhiwa, na muuzaji akikataa ukaguzi huo, tafuta gari jingine.