Kampuni inayosimamia jengo letu: hesabu safi, simu hazipokelewi

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wamiliki katika jengo la fleti la ghorofa kumi. Jina la kampuni inayotusimamia sitalitaja, mkataba bado unaendelea. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Nyota hizo si za usafi wa korido. Korido, yeyote mwenye ndoo na dekio ataing'arisha. Walipokabidhiwa jengo, mhandisi wao alishuka kwenye maegesho ya chini na nyundo ndogo, akawa anagonga nguzo moja baada ya nyingine huku ametega sikio. Nyingi zilitoa mlio mkavu, mzito. Iliyo karibu na chumba cha pampu ikalia kama debe tupu. Akabandua plasta kwa patasi, nondo ikaonekana imevimba kwa kutu. Maji yalikuwa yanapenya kutoka bustanini juu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, kwa hiyo hulipasua zege kutoka ndani. Waliotangulia walikuwa wakipaka rangi tu.

Kisha wakatuletea jedwali la miaka 30: paa, lifti, pampu, mabomba ya maji taka, kila kimoja na umri uliobaki na mwaka wa kukibadilisha. Japani ndivyo majengo kama haya yanavyopangiwa, ukarabati mkubwa kila baada ya miaka 12 hadi 15 hivi, na wamiliki huchangia mfuko wake kila mwezi.

Jedwali lilikuja na ada mpya, na kikao kikachafuka. Mzee mmoja akauliza kwa nini achangie lifti itakayonunuliwa yeye akiwa kaburini. Meneja, binti mdogo tu, akamjibu: "Shikamoo tena mzee wangu. Lifti unayopanda leo, unaichakaza leo. Na atakayenunua fleti yako atauliza kwenye mfuko wa ukarabati kuna nini." Mzee hakuridhika, ila alilipa.

Waliobaki niliwakumbusha Champlain Towers South, kule Surfside, Florida. Jengo la fleti la mwaka 1981, likaporomoka usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni 2021, watu 98 wakafa. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilishaonya kuhusu zege lililoharibika chini ya eneo la bwawa, na wamiliki walivutana muda mrefu juu ya gharama za ukarabati.

Fedha za akiba ya ukarabati ziko kwenye akaunti ya peke yake, mbali na za ulinzi na usafi, na hazitoki bila saini mbili za kamati. Taarifa ya benki naipata kila mwezi bila kuomba.

Sasa kero. Bomba likipasuka Jumamosi, simu inaita mpaka inakata, halafu unaambiwa utume ombi kwenye programu yao. Mama mwenye maji hadi kwenye vifundo vya miguu hana muda wa kujaza fomu.

Kinachonisumbua zaidi kimo kwenye mkataba: wanalipwa asilimia ya kila kazi kubwa. Kazi ikipanda bei, na wao wanapanda nayo. Zabuni tatu wanazoleta husaidia, lakini ni wao wanaochagua wa kuwaalika. Mkataba ukifika wakati wa kuhuishwa nitadai malipo yasiyobadilika, na mkandarasi mmoja aletwe na kamati.