Gari wameliosha bila maji, oili chafu wameimwaga mtaroni

Nianze na sifa, maana nikishafika katikati nitakuwa nimezisahau kwa hasira. Wanaosha vizuri. Nazungumzia ile huduma ya Sinza inayojiita rafiki wa mazingira, wenye fulana za kijani, wanaosha gari bila mpira wa maji. Wanapulizia dawa kwenye bodi, vumbi linalainika, wanalifuta kwa vitambaa laini. Kijana aliyeshika IST yangu alikuwa hafuti mara mbili kwa upande uleule wa kitambaa. Anakikunja upya ili mchanga usirudi kukwaruza rangi. Tope lililoganda chini ya madigadi hakulipangusa kikavu, alilirowesha kwanza kwa sponji. Nikasema moyoni, huyu kafundishwa akafundishika. Na sisi tuliokuwa Dar mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukatushika, hatuna hamu tena ya kuona mtu amefungulia pampu ya presha juu ya gari huku anachati.

Kwa hiyo waliponiambia sasa wanafanya na sevisi, nikaona afadhali. Nimwage oili hapohapo, nibadilishe filta, nikaendelee na shughuli zangu. Ndipo balaa lilipoanzia.

Oili ikashuka kwenye karai, nyeusi tii, maana kwa kweli nilikuwa nimechelewesha. Nipo kwenye kiti cha plastiki nakunywa soda. Kijana mwingine, si yule wa vitambaa, akalinyanyua lile karai kwa mikono miwili, akavuka kibarazani, akaliinamisha mtaroni. Hakuangalia kushoto wala kulia. Alifanya kama mtu anayemwaga maji ya kunawia.

Nikamwita. "Mdogo wangu, hiyo unamwaga wapi?"

"Si hapa, mama."

Si hapa! Kwa heshima zote, na tabasamu juu. Huyo simlaumu sana, inaonekana ndivyo alivyoelekezwa, au hakuelekezwa kabisa. Msimamizi wake ndiye aliyenimaliza. Alitoka ofisini na ile fulana yenye jani kifuani, nikamweleza polepole kabisa, sikupaza sauti. Akanisikiliza huku anabonyeza simu, kisha akaniambia, "Sista, umekuja kuhudumiwa au umekuja kukagua? Gari si limeng'aa? Mvua ikinyesha hapo panasafishika penyewe."

Panasafishika penyewe, halafu hiyo oili inakwenda wapi, kaka? Mitaro ya maeneo yale inashusha maji Mto Ng'ombe, Mto Ng'ombe unapita Tandale unakwenda kuungana na Msimbazi, na bondeni Msimbazi kuna watu wanamwagilia mchicha kwa maji hayohayo. Mchicha huo tunaununua sisi, wewe na mimi na mama yako. Oili iliyotoka kwenye injini siyo ile iliyoingia. Imebeba unga wa chuma uliosagika mle ndani na masizi ya petroli iliyoungua, na ikifika mtoni haichanganyiki na maji, inatanda juu yake. Karai moja tu linatosha kutandaza utando mrefu. Nikamtajia NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira. Akacheka. Akanicheka, niseme vizuri.

Bado nilikuwa na subira mpaka nilipopewa risiti. Kuosha, sawa. Oili na filta, sawa. Mstari wa mwisho: ada ya mazingira, shilingi 5,000.

Jamani.

Nikauliza hii ni ya nini. Yule binti wa kaunta, maskini, akasema ni ya "kutunza mazingira". Nikamwomba aitoe. Akasema mfumo hauruhusu, hiyo inaingia yenyewe. Nikamwambia aende nje akaangalie mtaroni kama mazingira yametunzwa. Msimamizi akapaza sauti kutoka ofisini, "Mwache alipe aende!" mbele ya wateja watatu wanne waliokuwa wakisubiri, mimi ambaye nina umri wa kumzaa, au niseme wa kuwa shangazi yake. Nikalipa. Nilikuwa na mtoto wa kumchukua shule.

Mwananyamala kuna mzee mmoja fundi, yuko chini ya mwarobaini, hana stika wala fulana ya jani, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Huyu oili chafu haimwagi hata tone. Anaikinga, anaijaza kwenye madumu, wanakuja mafundi seremala wananunua kupaka mbao za kenchi na nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Hafanyi hivyo kwa kupenda mito, anafanya kwa sababu ni hela. Najua nayo ina lake, nguzo iliyopakwa oili ikipigwa na mvua kuna kinachozama ardhini. Lakini ukimlinganisha na wale wa Sinza, mzee ndiye rafiki wa mazingira, na hajawahi kunitoza ada.

Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu ya kuosha. Nikikumbuka "sista umekuja kukagua" inashuka mbili. Nikikumbuka risiti, moja, na hiyo moja ni ya kijana wa vitambaa, mumpe yeye mkononi.

Mkienda, osheni tu. Sevisi msiwape. Kama ni lazima, nendeni na dumu lenu tupu la lita 4, msimame palepale mpaka oili iingie humo, kisha mfike nalo kwa yeyote anayeinunua. Mimi langu liko kwenye buti tayari. Kuosha kwenyewe huenda nikarudi, maana gari mpaka leo linapendeza kuliko lilivyotoka bandarini. Ila siku nikimkuta yule msimamizi zamu ni yake, nitageuza nikiwa bado barabarani. Au nitashuka kwanza nidai 5,000 yangu, bado sijaamua.