Kuhamisha diski nzima: Clonezilla au Macrium Reflect?

Mafundi wa kompyuta wa Ngamiani, Tanga, hubishana sana juu ya hili. Mteja ana laptopu inayojikokota, anataka SSD (diski mpya ya kasi), na mafaili yake yote yabaki yalivyo. Utumie programu ipi kunakili diski, Clonezilla au Macrium Reflect?

Kwa bei, Clonezilla haina mpinzani: ni ya bure, unaiweka kwenye flashi na kuwashia mashine hapo. Toleo la bure la Macrium liliachwa, msaada wake ukakoma mwanzoni mwa 2024. Sasa unajaribu siku 30, kisha unalipia.

Kwa urahisi, Macrium iko mbele. Inafanya kazi ndani ya Windows, diski zote mbili unaziona kwa michoro, na SSD ikiwa ndogo inaweza kupunguza ukubwa wa sehemu za diski, mradi data zienee. Clonezilla kwa kawaida hudai diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Hapo wengi hukwama: GB 500 kwenda GB 480 haikubali hivi hivi. Tena skrini yake ni maandishi matupu, diski zikiitwa "sda" na "sdb". Ukizigeuza, picha za harusi za mtu zimekwenda. Soma ukubwa na modeli ya kila diski kabla ya kubonyeza "y" ya kukubali, tafadhali sana.

Umeme ukikatika katikati, ipi uitumie, rudia mwanzo; laptopu iwe na chaji.

Fundi mwenye mashine nyingi, zikiwemo za Linux, ashike Clonezilla. Mwenye laptopu moja ya Windows, Macrium itamfaa zaidi.