Mbwa wa kukaa na mtoto wa mbwa mchana: yupi umchukue, yupi umwache

Mwezi wa tatu nilitoa Sh25,000 kununua mbwa aliyeniharibia mlango, akanikosanisha na jirani, na akamfundisha mtoto wangu wa mbwa tabia ambayo mpaka leo tunahangaika kuiondoa. Naandika haya ili hela yako isipite njia hiyo.

Karanga, huyo mtoto wangu wa mbwa, alikuwa na wiki 11, chotara wa Maltese (mbwa wadogo weupe wa manyoya marefu), hata kilo mbili hajafikisha. Tunakaa Rongai, na anayefanya kazi mjini anajua maana yake: saa kumi na mbili asubuhi uko stejini, na ukirudi saa moja usiku umshukuru Mungu. Dada anayenisaidia huja saa sita mchana. Katikati hapo Karanga alikuwa peke yake. Jirani wa chini aliniambia kwa upole, "Mama Neema, mtoto wako analia ukitoka, ila baadaye ananyamaza." Alikuwa akilia kama robo saa, kisha analala. Lakini moyo uliniuma, nikaona nimtafutie mwenzake.

Nikampata Japanese Spitz wa miezi tisa mtandaoni. Mweupe pe, manyoya yamechanwa, akiambiwa toa mkono anatoa. Kwa muuzaji nilimkuta amezungukwa na watu sita, anarukia huyu, anamlamba yule, nikasema huyu ndiye. Sikuuliza swali hata moja la maana.

Siku ya kwanza niliacha simu ya zamani juu ya kabati ikirekodi. Mlango ulipofungwa, Spitz aliutazama kama dakika mbili, kisha akaanza. Aliukwaruza kwa kucha za mbele, akakimbilia dirishani, akarudi, akaukwaruza tena. Mate yalimtoka mpaka kifua kikalowa. Bakuli la maji likapinduka. Karanga, ambaye siku nyingine angekuwa ameshasinzia, alikaa katikati ya sebule akimtazama mkubwa wake. Kisha akainua kidomo naye akaanza kulia. Hawakunyamaza mpaka dada alipofika. Chini ya mlango mbao zilikuwa zimechambuka nyuzinyuzi, na ukucha mmoja wa Spitz ulikuwa unavuja damu.

Yule mbwa hakuwa mbaya. Alikulia nyumba yenye watu kutwa nzima, hakuwahi kuachwa hata saa moja. Mimi ndiye niliyemchukua mwenye hofu nikampa kazi ya kumliwaza mwenye hofu. Sasa yuko Thika kwa shangazi, ambako nyumba haikosi mtu, na ametulia.

Rangi, manyoya, anakula nini, hayo utayasoma popote. Swali ambalo watu hulipita ni hili: huyo mkubwa unayemleta, yeye mwenyewe anaweza kukaa bila mtu? Mbwa wengi wanaolia wakiachwa wanamlilia binadamu, si mbwa mwenzao. Ukiwaweka wawili wenye shida hiyo, shida imekuwa mbili, na mtoto anamwiga mkubwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mjaribu. Mwambie mwenye mbwa amwache kwenye chumba asichokizoea sana, bila mtu wala mbwa mwingine, kwa dakika 40. Mwachie maji na kipande cha ini lililochemshwa. Weka simu irekodi, nyote mtoke, na msisimame mlangoni kuongea maana atawasikia. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayosema mengi, kwani mbwa mwenye hofu ya kuachwa hulipuka mapema. Ukikuta anahema hali hakuna joto, anadondosha mate, anazunguka mlangoni, na ini halijaguswa, mwache. Hilo la ini msilipuuze: mbwa aliyeshikwa na hofu hali hata nyama. Unayemtaka ni yule anayenusa chumba, anakula ini lake, anakunywa maji, kisha anajilaza ubavu, miguu kaitupa upande mmoja. Anayelala amejikunja na masikio yamesimama kuelekea mlangoni bado anakusubiri, huyo mjaribu tena siku nyingine.

Muuzaji akikataa jaribio hili, jibu umeshalipata. Wangu angekataa.

Sasa nawapanga kwa jinsi ninavyowaona mimi.

Wa kwanza, na kwa mbali sana: jike mzima wa kienyeji kutoka KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama Kenya. Siwafichi, mimi ni mtu wa KSPCA, na rafiki yeyote akiniuliza namwelekeza kwao, mtaa wa Karen, Nairobi, kabla hajafungua mtandao. Tafuta mwenye miaka mitatu hadi sita, kilo kumi hadi kumi na tano. Amefungwa kizazi, amechanjwa, na kwa kuwa ameishi na mbwa wengine anajua lugha yao. Mtoto akimuuma sikio kwa meno yale kama sindano, ananguruma kidogo au anageuza uso, basi. Mtoto anajifunza kulegeza mdomo, jambo ambalo wewe na mimi hatuwezi kumfundisha vizuri kama mbwa mwenzake. Wa kwetu tunamwita Shosho, pua imeanza mvi. Hata hivyo usimsamehe jaribio. Aliyezoea kulala na wenzake anaweza kupata tabu chumbani peke yake, na wahudumu wanaomlisha kila siku wanamjua, waulize waziwazi. Watakuuliza na wewe maswali mengi kuhusu nyumba yako na saa unazokuwa kazini. Usikasirike. Mimi nilipoulizwa ndipo nilipojua niko mahali panapojali.

Wa pili: mbwa mdogo mzima wa familia inayohama. Nairobi hawakosi, watu mikataba yao inaisha wanarudi kwao, au wanaingia nyumba isiyoruhusu mbwa. Uzuri wake ni kwamba unamwona nyumbani kwake na jirani unaweza kumuuliza kama hulia. Uliza mchana hukaa na nani. Ukiambiwa "kuna msaidizi na mtunza bustani," rudi kwenye jaribio, maana huyo huenda ni yule Spitz wangu tena.

Wa tatu: Maltese au Spitz aliyevuka mwaka mmoja, kutoka kwa mfugaji mwenye usajili wa East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo safi. Ni mbwa wazuri na ukubwa unalingana na mtoto mdogo. Bei ndiyo inayonikwaza, na wafugaji wengi wanataka kuuza watoto, si wakubwa. Ukimpata mkubwa, hakikisha karatasi zinamhusu yeye, si mama yake.

Wa nne: mtoto wa pili wa umri uleule. Najua ndilo wazo la kwanza kumjia kila mtu. Lakini hakuna wa kumtuliza mwenzake, wote wawili hawajui lolote. Mara nyingi hushikamana hata ukimtenga mmoja dakika tano kumpeleka kwa daktari, wa nyumbani anapiga kelele. Na mkojo umezidishwa mara mbili.

Wa tano: German Shepherd au mbwa yeyote wa ulinzi. Dume lake hufika kilo 30 hadi 40. Anaweza kuwa na moyo wa dhahabu, lakini mguu wake mmoja ukimwangukia mtoto wa kilo mbili wakicheza, mfupa umekwenda. Usiwaache pamoja bila mtu.

Wa bei rahisi wa kando ya barabara: hapana. Hasa ukiwa na mtoto ambaye hajamaliza chanjo.

Hapa niseme jambo la parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa, maana ndilo linalonichoma. Chanjo za mtoto huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Kabla ya hapo mgeni yeyote unayemwingiza ni hatari. Mbwa akiambukizwa leo, mara nyingi dalili huja baada ya siku tatu hadi saba. Kwa hiyo unauziwa mbwa mchangamfu Jumamosi, Alhamisi anatapika na kuharisha damu, na ukimpigia muuzaji anasema ni chakula chako. Na virusi vinabaki kwenye udongo wa ua wako kwa miezi, hata mwaka. Sakafu unaweza kuisugua kwa Jik, udongo utaufanyaje?

Wauzaji wanalijua hili. Wanajua pia kwamba mtoto hapaswi kutoka kwa mama kabla ya wiki nane, na bado wanakuuzia wa wiki tano wakikuambia ni "aina ndogo." Picha ni ya mbwa mwingine. Kadi ya chanjo ina mihuri lakini haina stika ya chupa ya dawa wala jina la daktari. Bei inapanda wakisikia unakaa wapi, na kabla hujamwona unaambiwa tuma kwanza nauli ya bodaboda. Wangu nilipomrudia siku ya nne na video mkononi, hata hakuitazama. "Mama, mbwa akishatoka kwangu ni wako." Elfu ishirini na tano! Na fundi wa mlango bado hajaja.

Ukishampata wako, wakutanishe nje, mahali ambapo si pa mmoja wao, na mkubwa awe ameshapakwa au kupewa dawa ya kupe. Wiki mbili za kwanza uwatenge unapotoka, na bakuli za chakula ziwe vyumba tofauti. Bado utahitaji mtu wa mchana. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kubana mkojo zaidi ya saa tatu hivi, na hakuna mbwa atakayemfungulia mlango.

Siku ya kwanza kuwaacha Shosho na Karanga pamoja nilirekodi tena. Saa kumi na mbili na dakika nane mlango unafungwa. Karanga anaukimbilia, anaanza kulia. Shosho anautazama mlango, anamtazama mtoto, anazunguka mara mbili juu ya mkeka wake na kujilaza. Karanga analia kidogo, ananyamaza kusikiliza, analia tena. Dakika ya tisa anauacha mlango, anapanda mkekani na kujibana tumboni kwa Shosho. Shosho anasogeza mguu wa nyuma kumpisha. Baada ya hapo video ina saa tano za mbwa wawili waliolala, na sauti ya jogoo wa jirani.